Kioo cha Kulinganishia

Hamilton, Ontario. Saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Theluji imegandamana na masizi,
na ng'ambo ya ghuba wanamimina chuma
usiku kucha, mchana kutwa,
mbingu nyekundu kama jicho lililokesha.
Mimi nakata nta.

Mikroni tatu. Utando wa kitunguu ni mnene kuliko huu.
Kipande kinaelea juu ya maji ya uvuguvugu,
nakivua kwa kioo, taratibu,
kama anayeengua malai.
Ni uboho wa mtu. Simjui.
Najua nambari yake, na swali la Daktari Wojcik
lililoandikwa pembeni kwa kalamu ya risasi:
hawa ni watoto wa damu, au wavamizi?

Kipokezi chenyewe hakina jina la kumwita mtoto:
herufi mbili, kisha sabini na moja.
Hukaa juu ya ngozi ya seli, kiganja wazi,
kikimngoja mchukuzi apite na mzigo wake wa chuma.
Kikimnasa, seli humeza mkono mzima,
chuma kikabaki ndani, mkono ukarudi nje,
wazi tena.
Mwenye njaa haoni haya.

Seli changa ya damu imejaa viganja hivyo.
Ikishakua, ikishaiva wekundu,
huvipukutisha vyote, ikaingia mkondoni,
haimwombi tena mtu kitu.
Ndiyo maana twamwaga kingamwili, halafu rangi:
penye viganja patageuka kahawia,
waliokomaa watapita kama hawapo.

Lakini saratani nayo ina njaa.
Nayo hunyoosha mikono, tena mingi.
"Rangi haisemi nani mwema," husema Daktari Wojcik,
akimenya chungwa juu ya ripoti za watu,
"inasema nani anakula.
Tazama wamekaaje. Watoto hujikunyata pamoja.
Wavamizi hutandaa."

Na kabla ya kukiamini kioo cha mgonjwa
hutiwa rangi kioo kingine, cha kulinganishia,
cha mtu ambaye jibu lake linajulikana.
Chetu ni kondo la nyuma.
Mwanamke fulani alijifungua katika mji huu,
akatia sahihi karatasi, akaenda zake na mwanawe;
kondo likabaki ndani ya nta, droo ya nne,
na kila Jumanne nalimega kidogo.

Langu lilizikwa Korogwe, nyuma ya jiko.
Bibi aliukanyaga udongo kwa kisigino, mara tatu.

Leo nimelitazama kupita inavyonipasa.
Ukingo wote kahawia, umejipindapinda
kama pwani kwenye ramani:
viganja, viganja, safu juu ya safu,
vyote vimemwelekea mama,
vinachukua.

Nikamwona mama yangu, tumbo mbele,
anafungua fundo la khanga,
anatoa kipande cha udongo wa kichuguu,
anageukia ukuta, anatafuna.
Nyumba nzima ikisikia mchanga menoni mwake.
Mawifi walimwita mchwa.
Nilihadithiwa tu. Nilikuwapo, lakini ndani.

Kioo cha mgonjwa nacho kikaiva.
Daktari akainamia hadubini, akakaa, akakaa,
chungwa likakauka ukingoni.
"Mm," akasema. "Nikatie kingine, kutoka chini zaidi."
Nikakata.

Saa nane mchana hapa, kwao saa nne usiku,
nikapiga simu kutoka ngazi za nyuma,
mkono mmoja nimeshika bomba la baridi.
"Mama, ulikula udongo ulipokuwa na mimba yangu?"
Kimya. Kisha kile kicheko chake cha puani.
"Nani huyo kakwambia?"
Treni ya mizigo ikapita kuelekea tanurini,
behewa baada ya behewa la chuma,
nikaziba sikio moja ili nisikie.
"Mimi nilitafuna tu," akasema.
"Aliyekula ni wewe."